Umoja wa wakazi wa mtaa wetu Tanga: akidi haitimii, uchaguzi haufanyiki, hesabu hazisomwi

Mkazi wa Makorora ameuliza:

Waungwana, salamu kwenu nyote. Naandika kuhusu umoja wa wakazi wa mtaa wetu hapa Tanga, nikiomba ushauri wa watu waliowahi kuongoza vyama vya namna hii au kuvinusuru vilipoyumba. Umoja huu ulianza kama chama cha kuzikana. Nyumba zilizopakana zilichangishana sanda, turubai, gari la kwenda makaburini na chakula cha wafiwa, Waislamu na Wakristo pamoja. Baadaye majukumu yaliongezeka. Leo umoja una maturubai, viti vinavyokodishwa, masufuria makubwa ya shughuli pamoja na majiko yake, na kiwanja kidogo kilichonunuliwa kwa michango ili siku moja pajengwe stoo na ukumbi wa mikutano. Unalipa pia mlinzi wa usiku na vijana wa kuzibua mitaro kabla ya masika. Kila kaya huchangia shilingi 2,000 kwa mwezi, na panapotokea msiba kuna mchango wa papo kwa papo.

Shida yetu ni uongozi. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni walewale tangu umoja uanzishwe, ingawa tunaambiwa katiba yetu inataka uchaguzi kila baada ya miaka mitatu. Wenyeviti wa serikali za mitaa wenyewe walirudi kwa wapiga kura tarehe 27 Novemba 2024, lakini uongozi wetu haujawahi kurudi kwa mtu yeyote. Kila mwaka mkutano mkuu huitishwa na watu hufika, kisha katibu hutangaza kwamba akidi, yaani nusu ya wanachama wote, haikutimia, na kwa hiyo kinachoendelea ni kikao cha mashauriano tu, kisichoweza kuchagua viongozi wala kupokea hesabu. Mapato na matumizi hutajwa kwa mdomo, kwa jumla, bila karatasi. Nakala za katiba wanazo viongozi peke yao. Zamani michango ilitolewa stakabadhi, lakini sasa inatumwa kwenye namba ya simu ya mweka hazina, na anayeuliza salio huambiwa kwamba anawavunjia wazee heshima.

Sitaki nieleweke vibaya. Sina ushahidi kwamba yeyote amekula fedha, na mwenyekiti wetu ni mzee aliyesimamia mazishi ya watu wengi wa mtaa huu, hata usiku wa mvua, bila kudai chochote. Ninachohofia ni kwamba vijana na wapangaji wameanza kujitoa kimyakimya, na siku umoja utakapovunjika atakayeumia ni yule asiye na ndugu mjini wa kumsitiri. Tutapataje mkutano halali ilhali akidi haitimii kamwe? Je, mwanachama wa kawaida ana haki ya kudai hesabu za maandishi? Na tukikwama, tuende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, polisi, au mahakamani?

Katibu mstaafu wa Ngamiani amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa mzigo huu, na nakushukuru kwa kuuliza bila kumtukana mtu. Umetaja mengi, lakini nakuomba uanze na jambo ambalo hukulitaja kabisa, nalo ni daftari la wanachama. Nimekuwa katibu wa chama cha kuzikana katika mojawapo ya barabara za Ngamiani, na kwa niliyoyaona huko sikubali kwamba akidi isiyotimia mwaka baada ya mwaka inatokana na uvivu wa wakazi. Mara nyingi inatokana na daftari ambalo halijahakikiwa tangu siku lilipofunguliwa.

Katiba inaposema nusu ya wanachama wote, swali la kwanza ni nusu ya wangapi. Fungueni daftari hilo mbele ya watu wanaoujua mtaa, nanyi mtakuta majina ya marehemu ambao umoja wenyewe uliwazika, majina ya waliohamia Dar es Salaam au waliorudi Muheza na Lushoto, majina ya wapangaji waliokaa msimu mmoja wa vibarua vya bandarini wakaondoka, na nyumba iliyoandikwa mara mbili, mara kwa jina la baba na mara kwa jina la mwanawe. Wote hao wanahesabiwa katika kuipima akidi, na hakuna hata mmoja wao atakayefika mkutanoni. Chukua mfano wa mtaa wenye kaya 100 zinazochangia kwa kweli, lakini daftari lake lina majina 240. Mkutano wake unahitaji watu 120, kwa hiyo hata kaya zote 100 zikituma mtu mmoja mmoja, bila kukosekana nyumba moja, katibu atatangaza kwamba akidi haikutimia, naye atakuwa amesema kweli kwa mujibu wa karatasi aliyoishika. Uongozi uliokaa juu ya daftari kama hilo hauna haja ya kuiba kura.

Daftari hilohilo hutumika pia kwa namna nyingine. Mwanachama anapoanza kuuliza maswali, anaambiwa kwamba si mwanachama hai kwa kuwa ana malimbikizo ya ada. Kwa kuwa stakabadhi hazitolewi tena, hana cha kuonyesha. Ndiyo maana nasema kurudisha stakabadhi na kusafisha daftari ni kazi moja, na ifanywe kabla ya neno uchaguzi kutamkwa.

Ombeni iundwe kamati ndogo ya uhakiki, awemo mmoja wa viongozi waliopo, awemo mwanamke, awemo na mpangaji. Ipite nyumba kwa nyumba, iandike nani anaishi hapo, anachangia tangu lini na ana uthibitisho gani, kisha orodha ibandikwe mahali panapoonekana, penye duka au ofisi ya serikali ya mtaa, kwa muda wa wiki mbili ili wenye pingamizi waseme. Kuweka daftari sahihi ni wajibu wa katibu wa kila siku, kwa hiyo hakuhitaji mkutano wenye akidi, na hakumtuhumu mtu kwa lolote. Daftari likishakuwa la watu walio hai na waliopo, itisheni mkutano mkuu, na ajenda ya kwanza iwe kuongeza katika katiba kifungu ambacho vyama vingi tayari vinacho: akidi isipotimia mara ya kwanza, mkutano uahirishwe hadi siku inayotajwa, na watakaofika siku hiyo waweze kuendelea na shughuli zote za kawaida. Kuuza mali na kubadili katiba msiviweke katika mkutano huo wa pili. Hivyo viachwe kwa idadi kubwa zaidi, maana wenye nia mbaya nao wanajua kusubiri mkutano wenye watu wachache.

Wako watakaowaambia kwamba mihtasari, akidi na uchaguzi ni mambo ya maofisini yasiyofaa mtaani. Mji huu hauna ugeni na vyama. Martin Kayamba na wenzake walianzisha hapahapa Tanga, mwaka 1922, chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, na katika enzi za ngoma za Beni mitaa ya pwani ilikuwa na Marini na Arinoti, vyama vyenye vyeo, sare na michango yao.

Mzee wa Msambweni amejibu:

Wanangu, nimewasoma wote wawili na aliyoyasema katibu nayakubali, ila naomba msianze na barua wala kamati. Mtu aliyekaa uongozini miaka mingi bila karatasi huwa ana hofu moja kubwa, kwamba siku atakapoondoka ataitwa mwizi na hatakuwa na cha kujitetea. Hofu hiyo ndiyo inayomfanya ang'ang'anie, kuliko uchu wa fedha, ambazo kwa vyama vyetu hivi si nyingi kiasi hicho. Mkimwandikia barua yenye sahihi arobaini, mtamthibitishia kwamba hofu yake ni ya kweli.

Mwendeeni nyumbani kwake baada ya alasiri, watu wawili au watatu anaowaheshimu, na mmoja wao awe mtu ambaye mwenyekiti alimsimamia msiba. Mwambieni kwamba mnataka kuupokea mzigo angali hai na jina lake lingali safi, na kwamba atabaki mlezi wa umoja ambaye ushauri wake utatafutwa. Hesabu zianze upya kwa utaratibu mpya kuanzia siku ya makabidhiano, na yaliyopita, kama hakuna mwenye tuhuma mahsusi, mkutano uyafunge kwa kauli moja. Nimeona umoja ukifukua hesabu za miaka kumi na kuishia kugawanyika kiasi kwamba watu walikuwa wakipishana njiani kwenda kwenye msiba mmoja, kila upande na turubai lake.

Mkazi wa Makorora ameandika tena:

Shikamoo mzee, na asante sana katibu. Nimemuuliza jirani aliyekuwa mjumbe wa kamati ya kwanza, naye amenieleza mambo mawili yaliyonitia wasiwasi zaidi. Mkataba wa mauziano wa kile kiwanja uliandikwa kwa jina la mwenyekiti binafsi, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na njia nyingine iliyojulikana. Na akaunti ya benki ipo, lakini mmoja wa waweka saini watatu amekwisha kufariki, na inasemekana ndiyo sababu fedha zilihamia kwenye simu. Je, katika hali hiyo tunaweza kweli kuyafunga yaliyopita kama mzee anavyoshauri?

Mwanasheria wa Chumbageni amejibu:

Sijaisoma katiba yenu, kwa hiyo haya niyasemayo ni ya jumla. Kwa swali la mwisho, namheshimu mzee lakini sikubaliani naye kwa sehemu hiyo. Mkutano unaweza kuamua kutomfuatilia mtu kwa hesabu ambazo umeziona na kuzielewa. Kuzifunga hesabu ambazo haujaziona ni kuwataka wanachama wasaini karatasi wasiyoisoma. Taarifa ya benki ichukuliwe, karatasi za kiwanja zionekane, mali zihesabiwe, na baada ya hapo ndipo huruma ya mkutano ipate mahali pa kusimama.

Kiwanja ndicho jambo la haraka kuliko mengine yote. Kama mkataba una jina la mwenyekiti, basi mbele ya sheria anaonekana yeye kuwa mnunuzi, na Mwenyezi Mungu akimchukua leo, kiwanja kitaorodheshwa katika mirathi yake na warithi wake hawatakuwa wamefanya kosa lolote kukidai. Mwombeni atoe tamko la maandishi mbele ya wakili kwamba anakishikilia kwa niaba ya umoja na kwamba kililipiwa kwa michango, na tamko hilo lishuhudiwe na mtu wa familia yake pia. Kisha anzeni utaratibu wa bodi ya wadhamini. Wengi hudhani kwamba chama kikishasajiliwa kinaweza kumiliki ardhi kwa jina lake, lakini kusajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, hakukipi chama hadhi hiyo peke yake. Mali hushikwa na wadhamini waliounganishwa kisheria chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, kupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Simu ina hatari ileile. Tangu utaratibu wa kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa uanze mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe mmoja anayejulikana, na salio lililomo ni lake machoni pa kampuni ya simu. Mweka hazina wenu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado fedha za kuzikia zikakwama siku atakapozikwa yeye. Kuhusu akaunti ya benki, kifo cha mwenye saini hakiifungi milele. Benki kwa kawaida hutaka muhtasari wa mkutano unaomteua mwingine, barua ya chama na vitambulisho, na hapo mnaona tena kwa nini mkutano halali hauepukiki. Wekeni waweka saini watatu, na angalau wawili wakubaliane ndipo fedha itoke. Wakazi wakipenda urahisi wa simu, zipo huduma za vikundi kama M-Koba ambazo zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na ni bora kuliko laini ya mtu binafsi.

Ndiyo, mwanachama ana haki ya kudai hesabu za maandishi, kwa kuwa fedha ni za wanachama na viongozi wanazishika kwa niaba yao. Ulizeni kwanza kama umoja umesajiliwa. Sheria ya Vyama, ambayo chimbuko lake ni la mwaka 1954, inausimamia umoja kama wenu kupitia Msajili wa Vyama aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Chama kilichosajiliwa kiliwasilisha katiba yake kwa Msajili, na hiyo ndiyo nakala ya kuilinganisha na ile wanayoishika viongozi. Kama umoja unakopesha wanachama fedha, unahusika pia na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo vikundi vya kijamii vya kifedha viko katika daraja lake la nne na husajiliwa kupitia halmashauri.

Mwenyekiti wa mtaa ni kiongozi wa serikali za mitaa kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Hana mamlaka ya kuwaondoa viongozi wa chama cha hiari, na umoja nao hauna mamlaka ya kumlazimisha mkazi kujiunga. Anaweza kuwa msuluhishi na shahidi wa makabidhiano, na afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwasaidia kuandika upya katiba. Polisi na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wasubiri hadi patakapokuwa na ushahidi wa ubadhirifu, na kwa maelezo yako haupo. Mahakamani ni mbali zaidi, hasa kama hamjasajiliwa, kwa sababu itabidi wachache wenu waombe kwanza ruhusa ya mahakama ya kuwawakilisha wengine wote, na gharama yake inaweza kuzidi thamani ya viti mnavyovigombania.

Mama wa Mabawa amejibu:

Nimefurahi kuona mnazungumzia daftari, kwa kuwa kuna jambo moja humo ambalo kaka zangu hawajaligusa. Katika vyama vyetu vingi kaya huandikwa kwa jina la mwanamume. Akifariki, jina lake linakatwa, na mjane anapotaka kuendelea anaambiwa ajiandikishe upya na alipe kiingilio, kana kwamba shilingi zilizotoka katika biashara yake ya maandazi kwa miaka yote hiyo hazikuwa zake. Hivyo mwanamke anakosa uanachama katika wakati uleule anaouhitaji kuliko wakati wowote, na akifiwa na mtoto kabla hajamaliza kiingilio, anasaidiwa kwa hisani badala ya haki. Uhakiki ukifanyika bila kulirekebisha hilo, wajane wataondolewa pamoja na marehemu waume zao, na daftari litaitwa safi. Kila kaya iandikwe majina mawili, na la pili lisihitaji kiingilio.

Jambo lingine ni vyombo. Sisi ndio tunaoamka alfajiri kupika pilau la msiba na kuosha masufuria, na sisi ndio tunaojua ni masufuria mangapi hayajarudi kutoka harusini. Lakini sijawahi kusikia mwanamke akiulizwa hesabu ya mali katika mkutano. Wekeni daftari la vyombo kwa mtunza stoo aliye mwanamke, kila kinachotoka kisainiwe na kila kinachorudi kihesabiwe, na fedha ya kukodisha viti iandikwe siku hiyohiyo.

Mkazi wa Makorora ameandika tena:

Asanteni sana, mama na wote. Tumekubaliana watu watatu kumwendea mwenyekiti kwanza, kama mzee alivyoshauri, na tutamwomba mambo mawili tu kwa sasa: tamko la kiwanja na ruhusa ya kuhakiki daftari kwa majina mawili kila kaya. Bado nina swali moja kwa katibu. Viongozi wamekwisha kusema kwamba wapangaji hawawezi kuhesabiwa kwa kuwa wanahamahama. Je, ni sahihi?

Katibu mstaafu wa Ngamiani amejibu:

Someni katiba inasemaje. Kama inasema mkazi, basi mpangaji ni mkazi, na ada yake imekuwa ikipokelewa bila kuulizwa hati ya nyumba. Hoja ya kuhamahama inajibiwa kwa kuweka sharti la muda, kwa mfano miezi mitatu ya kuishi na kuchangia, linalomhusu kila mwanachama mpya, awe mwenye nyumba au mpangaji. Sharti hilo linawazuia pia wagombea wasije na watu wao siku ya uchaguzi. Tarehe ya kufunga daftari itangazwe pamoja na tarehe ya mkutano, kabla ya majina ya wagombea kuanza kupokelewa, na nakala ya daftari lililofungwa ibaki kwa mtu mmoja asiyegombea.